Kuuchambua mkono wa mbele wa ndezi, msuli kwa msuli

Huku kusini mwa Tanzania nyama ya wagugunaji haimshangazi mtu. Panya wa shambani, samaki nchanga, analiwa mchana kweupe, na ndezi akinaswa kwenye miwa au kwenye matete ya bonde la Ruvuma au Lukuledi, majirani wanajua jioni kuna kitoweo. Kinachokosekana ni mtu wa kukuonyesha mnyama huyu ameundwaje. Mchinjaji anapiga panga begani, mfupa unapasuka, vibanzi vinaingia kwenye nyama, na mwanafunzi wa mifugo aliyekuja kujifunza anaambulia kuona mchuzi.

Haya nayaandika kwa mwanafunzi huyo, kwa mwalimu wa baiolojia, na kwa mfugaji anayetaka kuuza vipande safi. Paja la nyuma lina nyama nyingi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mkono wa mbele ndio unaoeleza maisha ya ndezi: anavyolishika bua akilitafuna, anavyopiga maji akivuka mto, anavyobeba kifua chake akipita chini ya majani. Kanuni ya kazi ni moja: fuata mshono ulio kati ya msuli na msuli. Kisu kinakata utando; nyama kinaikata pale tu msuli wa juu unapouziba wa chini.

Mnyama umpate wapi

Ndezi ninayemzungumzia ni yule mkubwa, Thryonomys swinderianus, mgugunaji wa pili kwa ukubwa Afrika baada ya nungunungu. Dume aliyekomaa huzidi kilo 4. Jike hubeba mimba karibu miezi mitano, na ndiyo maana kumfuga kunataka subira kuliko sungura. Benin walianza kumfuga kwa utaratibu miaka ya 1980, Ghana na Nigeria nao wakaingia, na leo huko ni nyama ya hotelini.

Kwetu yeye ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhusu. Kumwinda au kumfuga kunahitaji kibali, kwa hiyo anza kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na ukinunua kwa mfugaji omba uone kibali chake. Ndezi aliyetolewa porini kwa kuchoma moto nyika simpendi kwa sababu mbili. Moto huo huo unaishia kwenye mikorosho ya watu, na misuli iliyopata joto hukakamaa, utando unashikana na nyama, na mshono huuoni tena.

Ukikosa ndezi, chukua simbilisi wa kufugwa. Ni ndugu yake wa mbali, misuli ya bega imepangwa kwa namna inayokaribiana, na hana habari za kibali. Tofauti utaiona kwenye mtulinga (mfupa mwembamba kati ya kidari na bega), maana wa simbilisi ni kijifupa kilichodumaa, na kwenye vidole. Umbo lake dogo litakutesa macho, lakini mkono utakuwa umezoea kazi siku ndezi akipatikana.

Glovu kwanza

Julai 2022 wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kufika kituo cha afya wakiwa na homa, kichwa kinauma, wengine wakitoka damu puani. Baada ya uchunguzi serikali ilitangaza kwamba ni homa ya mgunda; taarifa za awali zilitaja wagonjwa 20 na vifo 3. Bakteria wa ugonjwa huo hukaa kwenye figo za wanyama, wagugunaji wakiwa mstari wa mbele, na hutoka na mkojo. Huingia kwa binadamu kupitia mchubuko wa ngozi, macho, pua na mdomo.

Kwa hiyo: glovu mkono wote, viatu vya kufunika vidole, miwani kama ipo. Ukiwa na kidonda kibichi mkononi, mpe mwenzako kisu, wewe uandike. Tumbo lisifunguliwe kwenye meza ya kuchambulia. Mkono wa mbele unaweza kuusoma wote bila kugusa figo wala kibofu, na hiyo ni nafuu kubwa. Ukimaliza, osha meza kwa maji ya sabuni, kisha maji yenye klorini.

Halafu kuna adabu ya nyumba. Familia nyingi za pwani hazili ndezi. Tenga kisu, sinia na ndoo za kazi hii peke yake, wala usiazime cha mama mwenye nyumba bila kumwambia kinakwenda kufanya nini.

Vifaa

Kisu cha upasuaji chenye wembe wa kubadilisha, au wembe wa kawaida uliofungwa vizuri kwenye mti. Vibanio viwili, kimoja chenye ncha nyembamba. Mkasi mdogo usio na ncha kali. Sinia, vijiti vya meno, nyuzi za rangi tatu au nne, rula ya milimita, mizani ya vito au ya maabara inayosoma gramu na desimali yake, daftari, na penseli. Usije na kalamu ya wino: maji yakidondoka, maelezo yote yamekwenda.

Hatua ya 1: amua, mbichi au ya dawa

Mzoga mbichi unaonyesha rangi halisi na kano zinateleza zikivutwa. Ubaya wake ni joto letu. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na kabla haijalegea vizuri, Mtwara ya Januari inakuwa imeshaanza kuivundisha. Mnyama achinjwe na anayejua, damu itoke yote, kisha mzoga uingie kwenye barafu ndani ya mfuko usiovuja. Barafu ya wavuvi pale Feri inafaa kabisa. Fanya kazi siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi.

Ukitaka kufundishia wiki nzima, tumia formalini. Ile ya dukani ina formaldehaidi asilimia 37 hadi 40. Changanya sehemu moja kwa sehemu tisa za maji. Changanyia nje, upepo ukikupiga mgongoni, kwa sababu mvuke wake unachoma macho na koo, na kuuvuta mara kwa mara kunahusishwa na saratani. Kabla ya kuanza kazi loweka mkono kwenye maji safi usiku mzima. Mkono uliopita kwenye formalini si chakula tena, si cha mtu, si cha mbwa, si cha kuku. Nasisitiza kwa sababu baada ya siku tatu unaonekana mzuri kuliko nyama ya buchani.

Hatua ya 2: vua ngozi

Usimbabue. Jikoni ndezi hubabuliwa manyoya, lakini moto unaipika misuli ya juu kabla hujaiona. Mlaze ubavu. Kata ngozi kuzunguka shingo, shuka katikati ya kifua, kisha pita upande wa ndani wa mkono hadi kwenye kifundo cha kiganja. Ngozi ya ndezi ni nyepesi ajabu kwa mnyama mwenye manyoya magumu namna ile. Ukivuta kwa pupa inachanika. Ingiza mpini wa kisu chini yake uitenganishe taratibu.

Chini ya ngozi ya ubavu utakuta tabaka jembamba la nyama linalotaka kuondoka na ngozi. Huo ni msuli wa ngozi, ule unaomwezesha mnyama kutikisa ngozi nzi akitua. Wanafunzi wengi huutupa wakidhani ni mafuta. Ufuatilie hadi kwapani uone sehemu yake inavyoingia kwenye mfupa wa mkono wa juu, kisha bakisha kipande kidogo hapo kama kumbukumbu.

Hatua ya 3: tafuta mifupa kwa vidole

Kabla ya kukata chochote, fumba macho upapase. Uti wa kombe la bega unaugusa ukipita kutoka mgongoni kushuka mbele. Mwisho wake ni akromioni, ncha inayoning'inia juu ya kiungo cha bega. Shuka hadi ncha ya kiwiko. Pande mbili za kiwiko kuna vinundu viwili, cha nje na cha ndani. Vikumbuke hivyo viwili, maana misuli mingi ya chini ya kiwiko inaanzia hapo. Tafuta pia mtulinga, kijiti chembamba kati ya kidari na bega. Mbuzi hana, kwa hiyo aliyezoea kuchinja mbuzi huukata bila kujua.

Hatua ya 4: misuli inayofunga mkono na kiwiliwili

Hapa ndipo siri ya mchinjaji ilipo. Ukiacha huo mtulinga, hakuna kiungo cha mfupa kwa mfupa kati ya mkono wa mbele na mbavu. Mkono umeshikwa na misuli tu, na anayejua hilo anautoa mzima bila kusikia mlio wa mfupa.

Anza na trapezio, msuli bapa unaotoka kwenye mstari wa shingo na mgongo na kuishia kwenye uti wa kombe. Tenganisha kingo zake, pitisha kibanio chini, ukate katikati ili vipande viwili vifunguke pande zote na chanzo na kikomo vibaki kuonekana. Hivyo ndivyo utakavyokata kila msuli wa juu. Usiukate mwanzoni wala mwishoni, utapoteza ushahidi.

Nyuma ya bega kuna latisimo, shuka pana la nyama linalotoka mgongoni na kusinyaa kuelekea kwapani. Msuli huu unauvuta mkono nyuma, na ndezi akiogelea ndio unaomsukuma. Geuza mnyama chali uone pektorali za kifuani: ya juu nyembamba, ya chini nene zaidi. Zinaleta mkono ndani, kuelekea kidari. Ndezi anayekula amekaa na bua kati ya viganja viwili anazitumia muda wote.

Zikishafunguka hizo, nyanyua ukingo wa juu wa kombe. Romboidi, vipande vifupi na vinene, vinaunganisha ukingo huo na uti wa mgongo na shingo. Kisha ingia chini ya kombe ukutane na serato, msuli uliochanua meno meno kwenye mbavu. Kifua cha ndezi kinaning'inia katikati ya mikono yake miwili kwa misuli hii, kama mgonjwa kwenye machela. Usiipite haraka. Hesabu meno yake, andika yanatoka ubavu wa ngapi hadi wa ngapi, ndipo ukate.

Sasa kwapani. Utaona fungu la neva nyeupe na mishipa ya damu. Funga mishipa kwa uzi wa rangi moja, neva kwa rangi nyingine, kata upande wa kifua, na mkono unatoka wote. Pima uzito wake. Kwa mfugaji anayeuza vipande, kazi imeishia hapa: bega zima, safi, halina kibanzi.

Hatua ya 5: bega

Uti umeligawa kombe sehemu mbili. Mbele yake kuna supraspinato, nyuma yake infraspinato. Kila mmoja umejaza bonde lake na kutoa kano inayovuka kiungo hadi kichwani mwa mfupa wa mkono wa juu. Hiyo ndiyo kazi yao kubwa, kulinda kiungo kisichomoke. Juu yao umelala deltoidi wenye sehemu zaidi ya moja. Zitenganishe kwa kuangalia mwelekeo wa nyuzi, si rangi. Zote zinaishia kwenye mwinuko ulio upande wa nje wa mfupa wa mkono wa juu, si kwenye kile kinundu cha kiwiko.

Geuza kombe. Upande wa ndani umefunikwa na subskapulari, uliopigwa mistari ya kano ndani ya nyama. Ukingo wa nyuma una teresi kubwa, ambayo kano yake inakutana na ile ya latisimo. Teresi ndogo imejificha chini ya infraspinato, na mara nyingi wanafunzi wanabishana kama ipo. Ipo, tumia kibanio, si kisu.

Hatua ya 6: mkono wa juu

Nyama yote ya nyuma ni traisepsi. Kichwa kirefu kinatoka kwenye ukingo wa kombe, cha nje na cha ndani vinatoka kwenye mfupa wa mkono, na vyote vinaishia kwenye ncha ya kiwiko. Ingiza kidole kati ya kichwa kirefu na cha nje, utenganishe polepole: neva inayozunguka mfupa kwa nyuma itatokea hapo. Hiyo ndiyo inayonyoosha kifundo na vidole. Mnyama aliyevunjika mfupa huu akawa anaburuta kiganja, mara nyingi neva hiyo ndiyo imeumia.

Mbele kuna baisepsi na brakiali. Baisepsi inaanzia kwenye kombe, juu ya kiungo cha bega, kwa hiyo inavuka viungo viwili. Angalia chanzo chake vizuri: wagugunaji wengine wana vichwa viwili, wengine kimoja. Andika unachokiona kwa mnyama wako, si ulichokariri kwenye kitabu cha mtu au cha mbwa. Brakiali inaanzia kwenye mfupa wenyewe, inazunguka kwa nje na kukunja kiwiko tu.

Hapa simama kidogo na rula. Ncha ya kiwiko ni wenzo. Ikiwa ndefu, traisepsi inapata nguvu kubwa lakini mwendo unakuwa wa taratibu. Ikiwa fupi, mkono unanyooka upesi kwa nguvu ndogo. Pima kutoka katikati ya kiungo cha kiwiko hadi nchani, kisha pima alna yote, yaani mfupa wa mkono wa chini wenye ncha hiyo. Toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili, gawanya cha kwanza kwa jibu hilo, zidisha kwa 100. Tuseme, kwa kujifunza hesabu tu, ncha ni milimita 15 na alna yote 75: 15 gawanya kwa 60, mara 100, ni 25. Fanya vivyo hivyo kwa fuko aliyekamatwa kwenye mihogo, maana yeye maisha yake yote ni kuchimba. Darasa likiwa na namba mbili ubaoni, mabishano yatakayofuata yana faida kuliko hotuba ya mwalimu.

Hatua ya 7: chini ya kiwiko

Wengi huchoka wakifika hapa, na ndipo penye utamu. Misuli ni myembamba, mingi, imefungwa pamoja na utando mgumu. Chana utando huo kwa urefu, usiuparue.

Upande wa nje, kuanzia kinundu cha nje, kuna misuli ya kunyoosha. Ya kwanza mbele ni miwili ya kunyoosha kifundo upande wa redio (mfupa mwenza wa alna), mrefu na mfupi. Inafuata ya kunyoosha vidole, kisha ya kunyoosha kifundo upande wa alna. Ukishindwa kuijua, acha kusoma jina. Shika kano kwa kibanio uivute. Kidole kipi kimesogea? Kifundo kimepinda upande gani? Mkono mbichi utakujibu papo hapo.

Upande wa ndani ni misuli ya kukunja, na kwa ndezi ndiyo inayostahili muda wako. Ule wa kukunja vidole wa juu unatoa kano zinazogawanyika, na kano za ule wa ndani zinapenya kwenye mgawanyiko huo hadi kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, kwenye kucha. Vuta huo wa ndani uone kiganja kinavyofumba. Pembeni, kuelekea alna, msuli wa kukunja kifundo una vichwa viwili na neva inapita katikati yake. Karibu kabisa na kiwiko, msuli mfupi unakwenda mshazari kutoka kinundu cha ndani hadi kwenye redio: huo unageuza kiganja kitazame chini. Mpinzani wake, wa kukigeuza juu, umejificha ndani upande wa nje.

Kabla ya kukata ukanda wa kano kwenye kifundo, zifunge kano kwa nyuzi za rangi kila moja. Ukanda ukikatwa zinatawanyika na hutajua ipi ilikuwa ya nani.

Hatua ya 8: kiganja

Vidole vitatu vya kati ndivyo vyenye nguvu. Gumba ni kadogo mno na kidole cha tano kimepungua, kwa hiyo usishangae kano zao zikiwa nyuzi tu au zikikosekana. Kiganja cha namna hii hakishiki bua peke yake sawasawa. Viwili vikikutana vinalibana vizuri, na meno yanamaliza kazi. Rudi ukumbuke pektorali za hatua ya 4.

Hatua ya 9: pima, andika, safisha

Kausha kila msuli kwa karatasi, pima gramu, andika jina, chanzo, kikomo, neva na uzito kwenye mstari mmoja wa daftari. Misuli iliyokaa kwenye formalini hubadilika uzito, kwa hiyo usichanganye namba zake na za mkono mbichi. Piga picha rula ikiwa pembeni. Chora pia, hata kama huna kipaji. Macho huona zaidi penseli ikiwa mkononi.

Mabaki yazikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima, mbwa wasifukue. Mifupa ya mkono mbichi ihifadhi: chemsha kwa moto mdogo na sabuni ya unga kidogo, toa nyama kwa mswaki wa zamani. Epuka dawa ya kung'arisha nguo, inaula mfupa. Anika kivulini. Mifupa ya vidole ni midogo na kuku ni wezi, kwa hiyo tia kila kidole kwenye kibahasha chake na uandike namba kabla hujaanza kingine.